Usiache harusi bado, na hiyo lenzi ya 600 isubiri

Dada mmoja wa Morogoro ameniuliza swali, nalifupisha kidogo. Anasema: "Kaka shikamoo. Nina miaka 24, nafanya kazi studio ya picha, tunapiga harusi, sendofu, kicheni pati na pasipoti. Kamera ninayo yangu mwenyewe, Nikon D5300, na lenzi mbili, 18-55 na 70-300. Moyo wangu uko kwenye wanyama na misitu ila nikiangalia wenzetu wanaofanya hiyo kazi lenzi zao ni kama bomba la maji la DAWASA. Nina nafasi ya kukopa milioni 4 vikoba, nataka ninunue lenzi ya 600 niache harusi nianze rasmi. Kweli kuna hela huko? Nianzie Serengeti au wapi? Na mama anasema porini sio kazi ya mtoto wa kike."

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza swali lenye nyama, maana wengi wananiandikiaga tu "kaka nataka kua kama wewe" alafu wanaishia hapo, sasa kua kama mimi maana yake nini, nina mgongo mbovu na gari ya mwaka 98.

La mkopo lina haraka kwa hiyo nalianza: usikope. Vikoba wanataka marejesho kila wiki au kila mwezi, na picha ya mnyama hailipi kila mwezi, hasa mwaka wa kwanza na wa pili. Utajikuta mwezi wa tatu unaiuza lenzi kwa bei ya kutupa ili ulipe deni la lenzi, hiyo nimeiona kwa macho yangu na sio mara moja.

Sisemi lenzi ndefu haina maana, ninayo na naipenda. Nasema tatizo lako sa hivi sio urefu wa lenzi (hizo namba 300, 600 ni milimita, ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi). D5300 ina sensa ndogo, yani kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha, kwa hiyo hiyo 70-300 ukiifikisha mwisho inavuta kama 450 kwenye kamera ya sensa kubwa, na kwa 450 tembo, twiga, nyani, mbega na swala pala wote unao. Ndege mdogo aliye mbali hapo kweli hutampata, ila dawa yake mara nyingi ni kukaa umsubiri aje, maana hata mwenye 600 akimpiga ndege aliye ng'ambo ya mto anapata nukta yenye manyoya. Siku ukija kununua, kumbuka D5300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, lenzi za zamani za AF na AF-D zitaingia vizuri kabisa na picha zitapiga ila fokasi utazungusha kwa mkono kama unafungua mtungi wa gesi, wewe tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo mota inayo yenyewe. Zile 150-600 za Sigma na Tamron zina mota yake zenyewe, ziko poa, ila uzito ni karibu kilo mbili, kwa hiyo azima ya mtu ukae nayo siku nzima kwanza ndio uongelee kununua.

Na kuna kosa moja ambalo kila mtu anamsingizia lenzi. Nenda Mikumi, uwanda wa Mkata, saa sita mchana, mpige nyumbu aliye mita mia mbili. Kwenye skrini ndogo ataonekana safi, ukifika nyumbani ukizuum manyoya yamekua kama uji. Unaanza kusema lenzi mbovu, fokasi imeharibika, nahitaji ya milioni 4. Kumbe ni joto, hewa ya moto inapanda kutoka ardhini inacheza cheza, na lenzi ndefu inaukuza ule mchezo pamoja na nyumbu wake, hata ungekua na lenzi ya milioni 30 ungepata uji tu, labda uji wa bei ghali. Kazi ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, alafu saa kumi jioni mpaka giza. Mchana lala, au mpige mnyama aliye mita kumi kutoka kwenye gari.

Tripodi ndani ya gari ni usumbufu mtupu. Chukua foronya, tia kilo tatu za mchele, funga vizuri, laza kwenye dirisha na lenzi juu yake, alafu mwambie dereva azime injini maana mtetemo wa dizeli unaharibu picha kuliko mkono wako. Mi nilianzaga na maharage. Mvua ya Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, ikaingia dirishani siku moja, nikautupa mfuko nyuma ya siti nikausahau, baada ya wiki naufungua maharage yameota, gari zima linanuka kama kilabu cha pombe na wageni wanne wananisubiri nje ya hoteli na mabegi yao. Tia mchele.

Haya, harusi. Unaiongelea kama jela unataka kutoroka, wakati nusu ya kazi ya wanyama imeshakufundisha. Keki haikatwi mara mbili. Mama wa bwana harusi unajua atalia kabla hajalia, unaona kidevu kimeanza kucheza unapandisha kamera, sindio? Mnyama ni hivyo hivyo. Ndege mara nyingi kabla hajaruka anajisaidia, ukiona hivyo kidole kiwe kwenye shata tayari. Duma aliyelala juu ya kichuguu akinyanyuka akajinyoosha kama paka, kuna kitu kinakuja, usibadilishe memori kadi muda huo. Na jambo lingine unalolijua bila kujua: wewe humuweki bibi harusi mbele ya mlango wa choo au jenereta. Sasa nenda kaangalie picha za watu wanaoanza wanyama, simba mzuri na nyuma yake Land Cruiser nne na mzungu kavaa kofia. Nyuma ya mnyama ndio paangaliwe kwanza, tafuta sehemu ambayo nyuma yake ni safi na mwanga wake unaupenda, alafu kaa hapo usubiri mnyama aingie. Anaeanza na mnyama anakimbizana nae siku nzima.

Serengeti sasa. Mi nilikua dereva gaidi Arusha (gaidi wa watalii, sio yule mwingine) miaka tisa, kamera yangu ya kwanza alinigaia nusu bei mgeni aliyekua anarudi kwao, na nilikua na kitu ambacho wapiga picha wa nje wanakilipia hela ndefu, yani kila siku nipo mbugani. Nikapiga simba mpaka nikachoka. Miaka miwili mizima sikuuza picha hata moja, na sababu ilikua mbele ya macho yangu. Nenda Seronera, katikati ya Serengeti, msimu wa wageni wengi chui akiwa juu ya mti, hesabu magari chini yake, yanafika ishirini na zaidi, na kila gari lina lenzi ndefu mbili tatu kuliko yangu, wote tunapiga chui yule yule, tawi lile lile, dakika ile ile. Kitu ambacho watu mia wanacho kwa siku moja nani atakununulia wewe.

Kilichonibadilisha ni 2020, korona. Wageni hakuna, hela ya mafuta hakuna, mbuga siwezi kuigusa. Nikawa napanda daladala mpaka Tengeru natembea kwa mguu mpaka ziwa Duluti. Ni ziwa dogo la kreta, msitu umelizunguka, hakuna simba wala tembo, watu wanaendaga kupiga makasia na kula kuku. Nikamchagua mdiria, yule mweusi na mweupe anaepigapiga mabawa amesimama hewani juu ya maji alafu anajiachia kichwa chini. Mwezi wa kwanza nilipiga kama wanavyopiga wote, ndege kwenye tawi, ndege kwenye tawi, nina mamia ya ndege kwenye tawi mpaka leo sijui niyafanyie nini.

Mwezi wa pili ndio nikaanza kuona. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tena umekatika katikati, kwa hiyo nikajua wapo wawili na yupi ni yupi. Akishika samaki anarudi kwenye tawi lake lile lile, anampigiza kwenye mti, pa, pa, kushoto na kulia mpaka samaki atulie, alafu anamrusha rusha mdomoni mpaka kichwa kielekee kooni ndio anammeza, maana akianza na mkia yale mapezi yatamchana. Hiyo nikaiona mpaka nikaizoea kama taarabu ya jirani. Sasa siku moja dume kapigiza samaki wake kama kawaida, alafu akamgeuza kinyume. Kichwa cha samaki kikawa kinatazama nje. Akakaa nae hivyo hivyo mdomoni, hamezi. Mi nimeganda pale nawaza huyu ana nini leo, alafu ikanijia taratibu: hali huyu, anampelekea mtu. Ukimlisha mwenzio unamtangulizia kichwa ili yeye ndio amezee vizuri.

Siku tatu nikawa sipigi kitu, naangalia tu samaki aliyegeuzwa anaelekea wapi. Siku ya nne nimekaa mahali pake toka alfajiri, nyuma ni kivuli cha msitu, cheusi, safi, jua linapiga tawi peke yake, na saa mbili kasoro dume akatua pembeni ya jike na samaki wake. Midomo miwili, samaki katikati. Shata 1/2000, lenzi ya 70-300 kama hiyo yako. Shimo lao lilikua kwenye ukingo wa udongo sio mbali na hapo na sikulisogelea kabisa, ukiwabana ndege kwenye shimo wanaweza wakaacha makinda, na picha ya mdiria haina thamani ya makinda kufa na njaa. Ile picha moja imenipa kazi nyingi kuliko simba wangu wote ukiwajumlisha, watu walikua wananiuliza ulijuaje? Swali hilo hawajawahi kuniuliza kwa picha ya simba.

Na sio mambo ya sisi wenye lenzi fupi tu. Michael Nichols, Mmarekani, ile picha yake ya simba jike wamelala juu ya mawe Serengeti na watoto wao, nyeusi na nyeupe, iliyoshinda mashindano makubwa ya picha za wanyamapori kule London mwaka 2014, alikua amewafuata wale simba karibu miezi sita mpaka wakamuona kama sehemu ya pori. Hugo van Lawick, yule Mholanzi aliyempiga picha Jane Goodall na sokwe wa Gombe, aliweka kambi Ndutu akaishi hapo miaka na miaka, amefariki 2002 na kazikwa huko huko. Hawa walikua na vifaa kweli, lakini ukiwaangalia vizuri walichokua nacho kuliko wengine ni kurudi pale pale.

Kwa hiyo Serengeti sio kwako kwa sasa, na sio kwa sababu ya hela tu. Wewe umekaa juu ya mali na hujui. Ngoja nikutembeze kwenu.

Hapo mjini inua macho tu, Uluguru. Kuna ndege kule, wataalamu wa ndege wanamuita kwa jina la milima yenyewe, hapatikani popote duniani isipokua milima hiyo inayoonekana kutoka stendi ya Msamvu, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta na wengi wanaondoka hawajamuona. Kuna kinyonga mdogo, kama kidole, rangi ya jani kavu, nae wa huko huko, mpaka jina lake la kisayansi limebeba Uluguru. Vinyonga wapige usiku, hii ni siri ya bure nakupa. Mchana utapita mita moja asionekane, usiku analala kwenye ncha ya kijitawi na rangi yake inapauka, ukimulika tochi anang'aa peke yake kwenye kijani chote. Usimshike, usikate tawi umlete kwenye mwanga, usimuamshe mara kumi kwa flashi. Lenzi yako ya 18-55 iwekee zile ringi za kusogezea karibu, ni bei ndogo tu, flashi ya studio iazime na mbele yake funga kipande cha kopo jeupe la aiskrimu ili mwanga ulainike. Msitu ule ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo pitia ofisini kwao upate kibali na mtu wa kukuongoza, na ukipita vijijini njia ya Morningside salimia wazee na waambie unatafuta nini. Watakucheka kwanza, mtoto wa kike anatafuta kinyonga usiku, watu wengine kinyonga kwao ni mkosi, alafu bibi mmoja atakwambia "mbona nyuma ya nyumba yangu wapo".

Ukienda Mang'ula una Udzungwa, hifadhi tangu 1992, hakuna barabara ya gari ndani, ni mguu tu na mhifadhi, na hapo kuna nyani aina ya sanje ambao sayansi imewajua 1979 tu, hawapo popote zaidi ya milima hiyo, na kuna kundi limeshazoeshwa watu. Msituni mwanga ni shida, usinitafute unanilaumu, utakua ISO 3200 (kamera umeipandisha ione gizani), shata 1/125, apecha, yani tundu la lenzi, imefunguka mwisho, na picha nyingi zitatikisika. Piga mfululizo watano watano, mnyama wa msituni hua anaganda sekunde moja akisikiliza, moja kati ya hizo tano itakaa sawa. Ukiendelea mbele ni Ifakara, na kwenye matete ya mto Kilombero kuna ndege mnana wa njano aliyepewa jina la kisayansi 1990, yani jina lake ni dogo kuliko wazazi wako, nae ni wa bonde hilo tu. Bonde lenyewe linaliwa na mashamba na mifugo kila mwaka. Ukitafuta picha zake nzuri utahesabu kwa vidole. Unaona sasa? Chui wa Seronera ana picha milioni, mnana wa Kilombero hana mpiga picha, na wewe upo umbali wa basi.

Na Mikumi usiione ni mbuga ya masikini ya wanaokosa hela ya Serengeti, watu wana dharau hizo. Barabara kuu ya Dar kwenda Iringa inapita katikati ya ile hifadhi kama kilomita 50, malori usiku na mchana, na wanyama wanagongwa. Hiyo ni stori nzito na ipo mlangoni kwako, mtu akiipiga mwaka mzima, misimu yote, madereva, wahifadhi, mizoga, matuta, tembo wanaovuka asubuhi, ana kazi ambayo shirika lolote la uhifadhi litataka kuiona. Ila usisimame barabarani hovyo, ongea na hifadhi kwanza wakupe utaratibu.

Lakini zote hizo ni baadae. Anza na bwawa la Mindu, hapo hapo Morogoro. Harusi zako ni Ijumaa mpaka Jumapili, Jumatatu unalala, basi Jumanne alfajiri uwe Mindu, kila Jumanne, miezi sita, ndege mmoja. Waulize wavuvi wapi ni salama kukaa na wapi sio, wao ndio wanalijua bwawa. Nunua daftari, andika saa ngapi alikuja, alikaa wapi, upepo ulitokea wapi, alifanya nini ambacho hujakielewa. Kile ambacho hujakielewa kiwekee duara, ndio picha yako ya mwezi ujao.

Hela sasa, maana najua ndio ulikua unairukia kusoma. Ipo, ila haipo unapodhani. Picha ya mnyama peke yake, ile unayoiweka kwenye tovuti za kuuza picha za jumla, mara nyingi inakulipa chini ya dola moja kila ikishushwa, na mpaka ufikishe kiwango cha kutoa hela umeshasahau paswedi. Kwangu mimi mwaka jana, kila shilingi kumi niliyoingiza, kama sita zilitoka lodge na kampuni za utalii, wanataka vyumba, chakula, wahudumu, mgeni kashika glasi jua linazama na tembo mmoja nyuma kwa mbali. Umeona hapo? Hiyo ni harusi! Ni watu, mwanga na chakula, ni kazi unayoijua kuliko mimi. Mbili na nusu zilitoka mashirika ya uhifadhi, nao wanataka wakina mama wafuga nyuki, walinzi wa kijiji, watoto wanapanda miti, kwa ripoti zao. Iliyobaki ni kuwafundisha wageni kupiga picha ndani ya gari, na picha chache zilizochapishwa kubwa kwa ajili ya kuta za mahoteli. Mdiria wangu mwenyewe kaniingizia kidogo sana kwa mkono, ila ndio aliyefungua mlango wa hao wengine wote, mtu wa lodge anaona ile picha anasema huyu ana jicho, alafu ananiita nikapige vitanda.

Kwa hiyo ukiacha harusi unaacha ufundi unaouzika na unabaki na ule ambao bado hauuziki. Punguza harusi taratibu, kila kazi ya lodge inayoingia toa harusi moja, siku moja utakuta zimeisha zenyewe.

Lodge nyingi wataanza kwa kukupa vyumba badala ya hela, "njoo ulale siku tatu na chakula bure". Mara moja ya kwanza kubali upate picha za kuonyesha, ya pili taja bei. Na andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu, picha ngapi, watumie wapi, kwa muda gani. Kuna lodge moja, jina naliacha, walichukua picha zangu nne kwenye ukurasa wangu wakazitia kwenye bango kubwa la maonyesho ya utalii, mi naambiwa na rafiki yangu aliyepita pale. Nikaandika kistaarabu. Jibu lao: "tulikua tumepanga kukutaja jina". Bango lilikua na futi kumi na jina langu halikupata nafasi. Mwishoni walilipa, na walilipa kwa sababu nilikua na mafaili ya RAW, yale ghafi yanayotoka kwenye kamera, yenye tarehe na saa na namba ya kamera, wao walikua na picha ndogo ya kushusha. Sheria ya hakimiliki tunayo toka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila ushahidi ni juu yako. Piga RAW, na uwe na hard disk mbili ambazo hazilali nyumba moja.

Vibali usivipuuze. Ukiingia hifadhini na kamera yako kama mtalii wa ndani unalipa kiingilio cha raia basi, ni kidogo mno ukilinganisha na mgeni. Ukienda kupiga tangazo au filamu ya biashara ni habari nyingine, uliza kabla hujafika getini. Drone iache nyumbani kama huna karatasi.

Mashindano, kwa sababu najua utauliza. Shiriki ukiwa na hela ya ziada ya ada, yale makubwa kwa watu wazima mengi hua yanalipisha. Na usidanganye, sio kwa sababu ya dini tu. Yule mshindi wa 2009 wa mashindano hayo hayo ya London alinyang'anywa baada ya majaji kuamini mbwa mwitu wake wa Ulaya anaeruka geti alikua wa kufugwa, na picha moja ya usiku ya Brazil iliyoshinda kundi lake 2017 ikafutwa mwaka uliofuata, wataalamu walisema yule mla mchwa alikua wa kukaushwa. Waliopiga picha wote walikataa, lakini nani anawaita kazini leo.

Tumalizie na mama. Mama ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kitu ambacho sicho. Arusha sa hivi kuna wakina dada wanaendesha magari ya watalii, kuna wahifadhi wanawake wanashika bunduki doria, simba hachagui na tembo nae hachagui, ukiwa na adabu porini unarudi. Hatari yako wewe ni dereva usiyemjua mkiwa wawili tu jioni, bodaboda ya saa kumi alfajiri, na yule bosi anaekwambia mkataba tutauongelea kwenye chakula cha usiku. Kwa hiyo Mindu usiende peke yako mwanzo, bodaboda awe mmoja yule yule ambaye nyumbani wanamjua, mtu awe anajua upo wapi na unarudi saa ngapi, na mikataba iongelewe mchana ofisini.

Na mama mwenyewe mpeleke Mikumi Jumanne moja. Wazazi wengi wa Morogoro wameiona ile mbuga kupitia dirisha la basi tu wakienda msibani Iringa. Mtafutie gari la kuchangia, mkae Mkata saa kumi na mbili asubuhi, tembo wakija umpige yeye anavyowaangalia. Foronya ya mchele aibebe yeye, maana atataka kwanza kujua ni wa Ifakara au wa wapi.